Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, na kwa wengine, habari za siku nyingi. Mwaka huu tulikutana kila Jumamosi kama ada, tukawapeleka watoto Fort Jesus, tukamaliza modeli 14 za kuunganisha na kupaka rangi. Hayo mnayajua, sitayarefusha.

Nitakalorefusha ni la dirisha, maana maneno yamezidi kwamba nimewanyima upepo na kutumia fedha za modeli, hata barazani nayakuta. Ni kweli, mimi ndiye niliyeziba dirisha la baharini la chumba chetu hapa Mji wa Kale. Ni kweli pia kwamba zile shilingi 38,500 tulizitenga kwa modeli mpya za Tamiya, kampuni ya Kijapani. Lakini mwezi wa Mei, masika imepamba moto na kusi linavuma, nani alikuwepo tukipulizia rangi ile Spitfire, modeli ya ndege ya kivita ya Kiingereza iliyopunguzwa mara 72? Bawa hadi bawa haifiki sentimita 16, na ilitukalisha wiki tatu. Bunduki ya rangi ikatema maji, kwani kompresa ikiminya hewa ya Mombasa, unyevu hugeuka matone ndani ya mpira wa kupitishia hewa. Rangi ikaota weupe kama ukungu, vumbi likaganda juu yake. Kioo cha rubani kikapeperuka, kikaingia kwenye ufa wa sakafu. Mpaka leo kiko humo.

Kwa hiyo kwa fedha hizo tulinunua chujio la maji la kompresa, feni ya kutoa mvuke wa thina nje kwa bomba lililopitishwa kwenye plaiwudi iliyoziba dirisha, taa mbili nyeupe, na turubai la kuziba nyufa. Anayesema nimewanyima upepo akae na thina nusu saa bila feni, kisha aje tuzungumze. Plaiwudi niliipima na kuikata mwenyewe. Sikudai hata nauli ya tuktuk.

Sasa ada. Tuko wanachama 23, waliolipa mwaka mzima ni 9. Mkutano wa Septemba tulikuwa wanne, akiwemo muuza kahawa aliyeingia kutafuta kikombe chake. Na wanaolia zaidi na dirisha, daftari la mweka hazina linawajua. Majina sitaji.

Mwakani, Mungu akipenda, tupate meza ya pili, na pengine tujaribu jahazi la mbao, mafundi wa kutufunza wangalipo. Dirisha litabaki lilivyo mpaka mkutano mkuu uamue vingine, akidi ikitimia.

Mwenyekiti