Bellán hakuwa mchezaji wa kupita

Mhariri,

Makala yenu kuhusu chimbuko la besiboli ya kulipwa nimeisoma yote, na mengi nimeyafurahia. Lakini kumwita Esteban Bellán "mchezaji wa kupita", eti alicheza 1871 hadi 1873 kisha akapotea, hapo mmemwonea. Hakupotea. Alirudi kwao Havana.

Bellán alizaliwa Cuba mwaka 1849, akapelekwa kusoma St. John's College, Bronx, chuo ambacho leo kinaitwa Fordham, na huko ndiko alikokolea kwenye mchezo huu. Ligi ya kwanza ya wachezaji wa kulipwa ilipoanza Marekani mwaka 1871, alikuwa timu ya Troy Haymakers, akilinda kituo cha tatu (vituo ni alama nne anazozunguka mkimbiaji ili apate pointi) na wakati mwingine akisimama shotistopu, yaani kati ya kituo cha pili na cha tatu. Asiyeujua mchezo atadhani hapo ni mahali pa kupumzikia. Thubutu! Wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, na mipira yao huelekea upande huo, tena chinichini, ikidunda ovyo kwenye viwanja vya enzi zile ambavyo havikusawazishwa vizuri. Glavu hazikuwa za kawaida bado. Mtu aliudaka mpira kwa viganja vitupu, akaurusha hadi kituo cha kwanza kabla mkimbiaji hajafika. Kwa hiyo hayo makosa ya kudaka na kurusha mliyomhesabia kwenye makala msiyapime kwa macho ya leo. Waliosimama pale wote walikosea sana.

Na ufupi wenyewe una sababu. Troy waliishiwa fedha, timu ikavunjika msimu wa 1872 ukiwa bado unaendelea. Mwaka uliofuata alipata mechi chache tu na timu ya New York Mutuals, basi.

Sasa tazameni alichokwenda kufanya. Tarehe 27 Desemba 1874, uwanja wa Palmar de Junco, Matanzas, timu ya Habana iliwafunga wenyeji 51 kwa 9. Bellán alikuwamo, na inaelezwa kwamba alipiga homirani tatu, yaani mipigo inayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote. Mwenzake siku hiyo alikuwa Emilio Sabourín, ambaye baadaye Wahispania walimfunga gerezani Ceuta, mji wao ulioko Afrika Kaskazini, kwa kuunga mkono uhuru wa Cuba, akafia huko mwaka 1897. Ligi ya Cuba ilipoanza msimu wa 1878–79 ikiwa na Habana, Almendares na Matanzas, bingwa alikuwa Habana, na kiongozi wa timu alikuwa huyohuyo "wa kupita".

Jambo jingine: mmeandika kwamba ndiye mtu wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini kucheza katika "ligi kuu". Ligi ile ya 1871 hadi 1875 ilikuwa ya kulipwa kweli, lakini kamati ya kumbukumbu za besiboli ya Marekani iliamua mwaka 1969 kutoihesabu kuwa ligi kuu. Semeni ndiye wa kwanza katika ligi ya kulipwa. Sifa hiyo inamtosha.

Sisi mashabiki tuna kasumba ya kumcheka mchezaji akirudi nyumbani kutoka ng'ambo, kana kwamba kafukuzwa. Gazeti lisitusaidie katika hilo. Mkilichapisha tena jedwali lenu la waasisi, safu ya Bellán isiishie New York 1873. Wekeni na Habana, pamoja na ubingwa wake.

Msomaji wenu wa ukurasa wa michezo,
Tanga