Vibali vya kazi na ukaazi: someni kabla ya kuuliza

Habari za jioni wanakikundi. Maswali yanajirudia, kwa hiyo nayaweka pamoja.

Kwa mgeni anayeajiriwa Tanzania, vibali ni viwili, si kimoja. Cha kazi hutoka kwa Kamishna wa Kazi, na mwombaji ni mwajiri wako. Cha ukaazi hutoka Uhamiaji: daraja A wawekezaji, B waajiriwa, C wanafunzi, watafiti, wamisionari na wengineo. Tangulizeni cha kazi. Bila hicho, ombi la daraja B halina miguu. Ndugu wa Kenya na Uganda, nanyi mnahitaji vyote viwili. Jumuiya ya Afrika Mashariki haijafuta hilo.

Panapokwama zaidi ni karatasi. Jina la kwenye cheti cha chuo likitofautiana na la pasipoti, hata kwa herufi moja, tengenezeni hati ya kiapo mapema. Cheti cha Kifaransa au Kireno kitafsiriwe. Barua ya kazi itaje cheo kilekile kilicho kwenye mkataba. Mwajiri naye aoneshe mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wako; wengi huandika mistari miwili, kisha wanashangaa ombi kurudishwa.

Kibali kimefungwa kwa mwajiri aliyetajwa. Ukihamia kampuni nyingine, mwajiri mpya aombe upya, usianze kazi kwanza. Sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inatoa miezi 24, inayohuishwa, ila jumla ya miaka ina kikomo kwa mwajiriwa wa kawaida. Ushauri wangu: anzeni kuhuisha miezi mitatu kabla.

Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali (control number) tu. Anayetaka fedha mkononi, hata akiwa mpole vipi, mkimbieni.