Barua kwa mwanangu: yule dada alikuwa analia nini?

Mwanangu,

Marahaba, hata kama hujaniamkia, maana siku hizi unatuma voisi za dakika sita halafu simu hupokei. Baba yako kasikiliza kaishia kwenye laki saba za hiyo kazi mpya. Mimi nimekwama pale ulipopita harakaharaka kama hutaki nisikie, kwamba siku ya intavyuu uliingia chooni kunawa ukamkuta dada wa watu analia, halafu ukaruka kwenye mshahara. Alikuwa analia nini?

Sijakataa hela, nani nyumba hii akatae hela. Binti niliyemsomesha kwa maandazi leo anagombewa na ofisi mbili, nimeshamwambia mpaka mama mchungaji. Ila nimechukua kalkuleta ya simu. Hapo ulipo laki nne, saa mbili mpaka saa kumi na moja, siku tano, ni masaa 45 kwa wiki. Kule laki saba, saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku siku sita, ni 72. Gawanya mshahara kwa masaa ya wiki nne uone, hapa saa moja inatoka kama 2,200, kule 2,400. Unahamia kwa mia mbili mama, na bodaboda ya usiku hujaitoa! Baba yako mdogo, si unajua mambo yake ya chama cha wafanyakazi, anasema sheria ya kazi ya 2004 inataka masaa 45, yanayozidi ni ovataimu, moja na nusu, na isipite masaa 50 ndani ya wiki nne. Kule ovataimu ni 27 kwa wiki, wiki nne itakuwa 108. Umewauliza? Na NSSF wanapeleka au ndo wale wa tutaona mbele ya safari?

Bosi wako wa sasa ana gubu najua, umenilalamikia vya kutosha. Lakini ulivyougua taifodi alipiga kuuliza unaendeleaje, hakuuliza unarudi lini.

Fanya hivi, nenda kwenye hiyo ofisi mpya jioni kama mteja, kaa kwa mama ntilie wa nje agiza chai. Huyo anajua nani anakopa chakula, nani kafukuzwa, nani analia. Ungemuuliza yule dada siku ileile lakini wewe na haraka zako.

Kulia chooni mimi nakujua. Yule dada wa kazi wa wakati uko la tano, nilikuwa namkata hela akivunja kikombe, halafu nasikia huko chooni bomba limefunguliwa, ndoo imeshajaa na maji bado yanamwagika. Mimi nikawa nagombeza bili ya maji. Basi tuyaache.

Kuku wanne wamekufa, kideri, nilichelewa chanjo. Bati za jikoni bado zinavuja ila usije ukaziweka kwenye hesabu ya kazi, nilivyokutajia mwezi uliopita nilikuwa naongea tu. Mdogo wako kamaliza umeme wa luku kwa kuangalia mpira.

Ukiamua kwenda nenda, kodi ya chumba silipi mimi. Ila mkataba usisaini hapohapo mezani kwao, upige picha unitumie kwanza.

Kesho nakuwekea mchele kwenye basi la saa nne, kilo kumi, ukaupokee mwenyewe usimtume mtu. Dereva atakupigia, na mimi nitakupigia, upokee, uniambie yule dada alikuwa analia nini.

Mama yako