Tuimalizie karakana ya Kepteni: wito wa mchango kutoka Kamati ya Skuli, Chake Chake

Assalaamu alaykum wazee wetu, ndugu, wanafunzi wa zamani, na jamaa mlioko Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, Maskati na Uingereza.

Habari ya msiba imeshawafikia. Kepteni wetu, yule rubani wa ndege kongwe, ametangulia mbele ya haki. Amezikwa hapa hapa Pemba na khitma yake imesomwa. Wengi mmepiga simu kuuliza kama ndege ndiyo iliyomuua. Hapana. Alizirusha ndege za mbao na kitambaa mbele ya halaiki za watu mpaka ndevu zikawa nyeupe, na amefia kitandani pake kwa maradhi ya uzee. Tunamwita Kepteni kwa kuwa hakuna aliyemwita vingine. Baadhi ya watoto wa skuli walidhani ndilo jina alilopewa na babake. Mwenyezi Mungu amrehemu na aliweke kaburi lake pana.

Wadogo mnaosoma wito huu pengine hamjui yaliyomfikisha kwenye urubani. Alizaliwa wakati East African Airways, shirika lililoanza mwaka 1946 kwa ubia wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ndilo lililokuwa likiruka katika visiwa vyetu na bara. Msimu wa karafuu alipanda mikarafuu kama watoto wote wa shamba, akilipwa kwa pishi. Mnaijua milima ya Pemba na mnaujua urefu wa mkarafuu mzee. Akiwa kileleni, ndege iliyokuwa ikiteremka kwenda uwanjani ilipita karibu usawa wa macho yake. Waliokuwa chini waliona tumbo la ndege. Yeye aliona mgongo. Alitwambia kwamba siku za ndege pishi zake zilipungua, na babake alijua kwa nini.

Chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwa kijana wa kukienda, akakienda. Akarusha ndege za shirika lile lile la East African Airways mpaka lilipovunjika mwaka 1977, kisha akaenda Uingereza kama walivyokwenda wengine, akafundisha watu kuruka. Huko ndiko alikokutana na Tiger Moth.

Hapa ruhusuni tukae kidogo, maana yeye mwenyewe akifika hapa alikuwa hamalizi. Tiger Moth ni ndege ya kampuni ya de Havilland, iliruka mara ya kwanza mwaka 1931, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyofundishia maelfu ya marubani. Ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, na viti viwili vilivyo wazi, mmoja nyuma ya mwenzake. Rubani akiwa peke yake hukaa cha nyuma. Injini yake ni ya nguvu za farasi 130 tu. Haina breki. Haina stata: mtu husimama mbele akaizungusha rafadha, lile panga la mbele, kwa mkono, na ole wake asiyejua pa kuweka mguu. Ikitembea ardhini siku ya upepo, lazima watu wawili washike ncha za mabawa, la sivyo upepo unaipindua. Kwa hiyo hata akisifiwa rubani mmoja angani, chini yake kuna kundi zima, na Kepteni hakuacha kulitaja. Mabawa yake ni mbao zilizogandishwa kwa gundi, zikavishwa kitambaa kilichoshonwa kwa mkono kwa uzi uliopakwa nta, kisha kikapakwa dawa ya kukikaza mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma.

Mwisho wa wiki, kiangazi cha Ulaya, alikuwa akiirusha ndege hiyo katika maonyesho. Wapo hapa kwetu walioisikia kazi hiyo wakadhani ni ya kujionyesha. Ingekuwa hivyo asingefika umri ule. Rubani wa maonyesho kule hana ruhusa ya kufanya lolote mpaka apewe idhini na mamlaka ya anga, na idhini hiyo inataja aina ya ndege na urefu ambao haruhusiwi kushuka chini yake. Kuna mstari ambao ndege haiuvuki kuelekea kwa watazamaji. Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, Uingereza, ndege kongwe ya kivita aina ya Hawker Hunter ilianguka barabarani wakati wa maonyesho ikaua watu 11, ambao hawakuwamo hata uwanjani. Sheria zikakazwa, marubani wengine wakanung'unika. Kepteni hakunung'unika. Alisema waliokufa walikuwa njiani na shughuli zao, hawakukata tiketi ya kuhatarishwa.

Kila alipokuja likizo, kabla ya kwenda kwa mtu yeyote alipita skuli. Hakuja na picha za mapozi. Alikuja na kipande cha kitambaa cha bawa, sindano ndefu na kibonge cha nta, akawakalisha watoto chini ya mwembe wakashona. Aliyeshona ovyo alifumuliwa akaanza tena, awe mtoto wa mwalimu mkuu au wa mvuvi. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba hayamo kwenye silabasi. Akajibiwa kwa adabu, na wiki ile ile naye akaonekana chini ya mwembe ameshika sindano. Wasichana, tuseme ukweli, waliwapita wavulana kwa mbali, kwa sababu wengi walikuwa wameshazoea kushona kofia za vito nyumbani.

Baada ya mazishi yametolewa mapendekezo mengi ya kumkumbuka. Kombe la mpira kwa jina lake: tumekataa, hakuwa mtu wa mpira, na kila aliyekaa naye siku ya fainali anajua alikuwa akilala. Picha kubwa langoni: ingechakaa kwa mvua za masika mbili. Kamati imekubaliana jambo moja tu, nalo yeye mwenyewe aliwahi kulidokeza alipotusimulia habari za Richard Shuttleworth.

Shuttleworth alikuwa kijana wa Kiingereza aliyekusanya ndege na magari makuukuu na kuyafufua kwa mikono yake kule Old Warden, Bedfordshire. Tarehe 2 Agosti 1940, akiwa na umri wa miaka 31, alikufa kwa ajali ya ndege katika mazoezi ya usiku ya jeshi la anga. Mama yake, Dorothy, alikuwa na mali. Angeweza kujenga mnara. Mwaka 1944 akaweka wakfu wa kumkumbuka mwanawe kwa kufundisha watu: ufundi wa anga, na kilimo na misitu. Ndege za mwanawe ziko pale mpaka leo na nyingi zinaruka. Imo Blériot ya mwaka 1909, ambayo haitolewi bandani mpaka jioni upepo umetulia kabisa, na hata hapo hupanda kidogo tu juu ya majani ikashuka. Kepteni alikuwa akienda kuitazama, na akirudi bila kuiona, kwa sababu upepo haukutulia, alifurahi vile vile. Alituambia mama yule alijua la kufanya na msiba wake.

Na sisi Waislamu hatuhitaji kufunzwa na mtu wa mbali kuhusu sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha baada ya mtu kufa. Tunahitaji bati.

Karakana ya ufundi ya skuli yetu imesimama kuta tupu. Kuta zimefika usawa wa linta, ndani pameota majani, na mbuzi wa jirani wanapatumia kuliko wanafunzi. Fundi ametukadiria shilingi 14,600,000 kwa kenchi, bati, sakafu ya zege, milango, waya za umeme na meza sita za kazi. Mkononi tuna shilingi 5,200,000, zikiwamo zile ambazo familia ya marehemu imetoa badala ya kufanya shughuli kubwa ya arubaini. Zimebaki 9,400,000. Paa ndilo la kwanza, kabla ya masika, kwa sababu kuta zikinyeshewa msimu mwingine tutaanza kuzungumza habari ya kubomoa.

Hatukumpangia mtu kiwango. Mwenye elfu mbili ni mchangiaji, na mwenye laki tano hatasomwa jina kwa sauti kubwa zaidi. Michango ipokelewe na mweka hazina skuli, siku za kazi asubuhi, na kila anayetoa adai risiti. Asiyepewa risiti amfuate mwenyekiti. Walioko mbali wampe jamaa yao wa hapa kijijini alete kwa niaba yao. Hesabu zitabandikwa kwenye ubao wa skuli kila Ijumaa, zilizoingia na zilizotoka, na fundi halipwi bila saini tatu. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu michango ya miaka ya nyuma iliwaacha baadhi yenu na maswali, na maswali yale yalikuwa ya haki.

Asiye na fedha ana mikono. Siku ya kumwaga zege itatangazwa msikitini na skuli. Waje wanaume na majembe na ndoo, na kina mama walioahidi uji na mihogo tunawashukuru tangu sasa.

Vifaa pia tunapokea: randa, misumeno, patasi, keekee, spana, koleo. Viwe vinafanya kazi au vinatengenezeka. Na aliye na jiliwa kuukuu inayoota kutu uani asiiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Amwambie mwalimu wa ufundi, atapita na baiskeli kuichukua.