Anakula, anavaa, anataka nini? Barua kwa waume vijana wa Newala

Wanangu mliofunga ndoa kanisani misimu hii miwili mitatu,

Jumapili iliyopita baada ya ibada niliitwa kusuluhisha. Kijana wetu, ambaye mimi mwenyewe nilimsimamia siku ya ndoa yake, alilipwa fedha za mnada wa korosho, akashuka Mtwara mjini, akakaa siku tano bila hata kupiga simu. Mkewe ndiye aliyeokota korosho zile, akazianika, akazichambua. Alituambia kwa sauti ndogo, "Babu, hata bei nimeisikia redioni." Nikamgeukia kijana. Akajibu pasipo kupepesa macho: "Anakula, anavaa. Anataka nini tena?"

Jibu lile limeninyima usingizi siku tatu. Na nawaandikia ninyi nyote kwa sababu wenzake waliokuwepo waliitikia kwa vichwa.

Fungueni Mwanzo, sura ya 2. Adamu alikuwa anakula. Bustani nzima ilikuwa mikononi mwake, na dhambi ilikuwa bado haijaingia. Hapo hapo, penye kila kitu, Mungu akasema, "Si vema huyo mtu awe peke yake." Jambo la kwanza ambalo Mungu aliliona si jema halikuwa njaa wala uchi. Lilikuwa upweke. Sasa wewe unamtoa binti wa watu katika nyumba iliyojaa mama, dada na shangazi, unamweka ndani, unamlisha, kisha unamwacha peke yake. Umemrudisha pale pale Mungu alipopakataa.

Na hilo neno "msaidizi" la mstari huo huo, mnalolishika kama hati ya shamba! Kwa Kiebrania, ndilo neno lile lile la Zaburi ya 121: "Msaada wangu u katika Bwana." Je, Mungu naye ni kibarua wako?

Nisiwafiche. Miaka yangu ya mwanzo nilifanya mabaya kuliko huyu kijana. Nilificha fedha za korosho ndani ya mfuko wa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, nikijua marehemu bibi yenu hapendi harufu yake. Siku moja akaziona. Hakunigombeza. Alizipanga mkekani, noti moja moja, akasema, "Kumbe nimeolewa na mpangaji." Kisha akaenda kulala na watoto.

Mpangaji. Mtu anayekuja kulala, analipa, na mambo yake hayakuhusu. Neno lile liliniuma kuliko matusi.

Kuanzia msimu ule, kila niliporudi kutoka chama cha msingi cha ushirika tulikaa mkekani wote wawili, karatasi katikati: kilo hizi, makato haya, ada ya shule, salfa ya mwakani, sadaka. Alikuwa anajua hesabu kunishinda, na mimi nilikuwa nimelala naye miaka yote hiyo bila kujua. Msimu wa 2018, malipo yalipochelewa, nyumba nyingi hapa kijijini ziliwaka moto, wake wakidhani fedha zimeshaliwa. Yeye alijua kila kilo ilipo. Alisema tu, "Basi tutakula muhogo." Tukala muhogo, tukicheka. Jamani, mke wa kula naye muhogo mkicheka hapatikani kwa kumnunulia kitenge!

Zamani maji tuliyafuata bondeni. Nilipoanza kushuka naye na ndoo yangu, wakasema nimelishwa limbwata. Leo hii mnamsema hivyo hivyo mwenzenu anayembeba mtoto kwenda kliniki. Ni jamii gani hii, ambayo mwanaume mpole kwa mkewe amerogwa, na anayekesha kwenye uraka, pombe ya mabibo, ndiye dume? Kanisa nalo halijasalimika. Vikao vya harusi tunakaa miezi, tunajadili keki na ukumbi, na mafundisho ya ndoa tunayamaliza kwa alasiri mbili. Bibi harusi anafundwa. Bwana harusi anachangiwa tu. Hapo tumekosa sisi wazee, nami nimo.

Mengine mnayajua. Msiwapige. Msiwaseme vijiweni. Salini pamoja, hata ikiwa ni Baba Yetu peke yake. Wakwe wasalimieni. Msiweke nyumba ya familia rehani bila ridhaa yake, maana hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza.

Waefeso 5 mnaipenda mstari wa 22 tu, wa wake kutii. Rudini nyuma mmoja, 21, msome "hali mkinyenyekeana". Kisha nendeni mbele hadi 25: Kristo alilipenda Kanisa, "akajitoa kwa ajili yake". Kristo hakulificha Kanisa kitu akaenda mjini siku tano.

Nawapenda, ndiyo maana nimesema kwa ukali. Najua shamba linachosha na madeni ya pembejeo yanabana, na wengi wenu hamkumwona baba akiongea na mama zaidi ya kuuliza chakula kiko wapi. Hamkuonyeshwa.

Kijana wetu nimemwambia aje Jumamosi na mkewe, na karatasi zote za chama azilete. Nitatandika mkeka ule ule. Mwingine anayetaka kuja na mkewe aje, ila mfike kabla jua halijazama, kwani macho yangu hayasomi tena kwa taa.

Babu yenu,
Newala