Pete ile si hirizi

Mhariri,

Kila mwaka masika yakikaribia, malisho yetu kando ya Ziwa Basotu, wilayani Hanang, hujaa korongo weupe. Tangu Novemba wanakuwa wametawanyika, watano huku, kumi kule, wakifuata panzi na viwavijeshi. Ikifika mwisho wa Februari wanaanza kukusanyika kwa safari ya kurudi Ulaya kutaga. Safari hii nilihesabu hadi 300 nikakoma, maana hawatulii mahali pamoja. Wapo wakulima wenzangu wanaowafukuza wakidai wanafukua mbegu. Wananishangaza. Korongo hali nafaka, anakula wadudu, vyura na panya, na panya ndio wanaotumaliza.

Ukifika alfajiri utawakuta wamesimama kimya, wengine kwa mguu mmoja, manyoya yamelowa umande. Hakuna mwenye haraka. Kwenye saa nne hivi, ardhi ikishapata joto, mmoja anatanua mabawa na kupanda akizunguka kama kishada, hapigi bawa hata moja, na wengine wanaingia kwenye mzunguko uleule mpaka wanageuka vidoa. Hewa moto ndiyo inayowabeba. Baharini hewa hiyo ni haba, ndiyo maana hawakatizi Mediterania katikati. Wanaizunguka kwa kupita Sudan, Misri, Sinai na Uturuki.

Kilichonifanya nishike kalamu ni pete ya mguuni mwa korongo. Nilimkuta kijana mmoja mchungaji ameivaa shingoni kwa uzi. Alinieleza bila kificho kwamba alimpiga korongo kwa manati, mbwa wakamla, yeye akabaki na pete, na kwamba inaleta bahati. Ilikuwa imeganda kinyesi. Korongo hujinyea miguuni ili apoze joto, hata miguu yao myekundu huonekana kama imepakwa chokaa. Nikaikwangua kwa kucha na kusoma: Radolfzell, Germania, yaani kituo cha watafiti wa ndege huko Ujerumani, na namba.

Mzee mmoja aliyekuwa karibu alituonya tuitupe, huenda ina kamera. Nisimcheke sana. Mwaka 2013 huko Qena, Misri, korongo mwenye kifaa mgongoni alipelekwa polisi akidhaniwa jasusi. Kifaa kilikuwa cha watafiti wanaofuatilia njia ya ndege hao. Na pete kazi yake ni hiyohiyo. Kinda anavishwa akiwa bado kiotani, namba yake inaandikwa daftarini, halafu wanasubiri mtu yeyote, popote, aisome na kuwaambia amemwona wapi na lini.

Na tukumbuke kwamba Afrika ndiyo iliyotangulia kuwatia alama, ingawa kwa nia nyingine. Mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, alipigwa risasi korongo aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika wa sentimita 80 hivi umemchoma shingoni. Alikuwa ameruka nao mpaka kule! Wakati huo wapo Wazungu waliokuwa bado wanaamini ndege hulala mafichoni baridi yote. Korongo yule alikaushwa, na yupo hadi leo Chuo Kikuu cha Rostock.

Basi nikainakili namba nyuma ya risiti ya mbolea, nikaipeleka ofisi moja ya serikali. Nikaulizwa, "Ndege mwenyewe yuko wapi?" Nikasema ameliwa na mbwa. "Basi mzee, hapo hakuna kesi."

Sikwenda kufungua kesi. Ninachoomba ni kwamba kila ofisi ya kijiji huku kwetu ibandike ukutani tangazo dogo: ukiokota pete ya ndege, andika namba, tarehe na mahali, na iandikwe pia nani wa kupelekewa. Na walimu wawaambie watoto waache manati nyumbani hizo wiki mbili tatu ndege wanaposubiri joto lao.

Kijana bado anaivaa pete yake. Amekubali kuniazima nikihitaji kuisoma tena.

Mkulima,
Basotu, Hanang