Salamu za Shukrani

Familia ya marehemu binti yetu mpendwa, mwanafunzi wa urubani aliyefariki dunia kwa ajali ya ndege ndogo ya mafunzo, inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, marafiki na majirani wote waliotufariji kwa hali na mali tangu tulipopata taarifa za msiba hadi tulipompumzisha.

Si rahisi kumshukuru kila mmoja kwa jina, lakini hatuwezi kuacha kuwataja askari wa zimamoto na uokoaji, waliofika mafuta yakiwa bado yanavuja kwenye mabaki ya ndege, wakawatoa yeye na mkufunzi wake, pamoja na madaktari na wauguzi waliopigania uhai wake hadi dakika ya mwisho. Mkufunzi bado amelazwa. Ndiye aliyemfundisha kuirusha ndege na kuitua, nasi tunamwombea apone upesi. Familia haina kinyongo naye hata chembe.

Wanafunzi wenzake walituletea daftari lake la saa za kuruka. Kila safari ameiandika kwa mkono wake: tarehe, aina ya ndege, muda aliokaa angani na mara alizotua, na siku aliyoruka peke yake kwa mara ya kwanza ameipigia mstari mara mbili. Mama yake hulisoma ukurasa kwa ukurasa. Asanteni sana, wanetu, na tunawaomba msikatishe masomo yenu kwa sababu ya msiba huu.

Tunawashukuru pia wachunguzi wa ajali, walioketi nasi na kutueleza taratibu za kazi yao kwa upole na subira. Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, uchunguzi wa namna hii hufanywa ili kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa, na ripoti ya mwisho hutakiwa kutolewa ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Kwa hiyo tunawasihi wanaosambaza picha za mabaki na kubashiri kwamba injini ilizima au kwamba binti yetu alishindwa kuimudu ndege, waache. Na yeyote aliyeirekodi ikiwa angani awakabidhi wachunguzi video hiyo, maana itawasaidia.

Kwa wote ambao hatukuwataja, tunaomba mpokee shukrani hizi kama zilizomfikia kila mmoja wenu. Mwenyezi Mungu awabariki.